Kwa Keja Ndogo, Kutafuta Ndio Hukula Doo

Saa kumi na moja na nusu asubuhi, Kayole, giza bado imeshika. Sistee yangu amevaa soksi moja na anamulika chini ya meza na simu akitafuta ya pili. Brathe anauliza nani amebeba kalkuleta yake. Mathe alitoka saa tisa na nusu kuwahi mboga Marikiti, na buda bado yuko lindo Industrial Area. Sasa inabidi apigiwe mathe. Yuko katikati ya gunia za sukuma, anavutana na msee wa lori juu ya bei, na simu inalia: "Mathe, soksi yangu iko wapi?"

Dakika ishirini zinaisha hivyo. Brathe anafika steji wakati mat zimeshapandisha, ile ya finje imekuwa mbao nne. Sistee anapitia duka ya kona kubeba soksi zingine za finje. Jioni ile soksi imepotea inapatikana nyuma ya wol-yuniti, imejaa vumbi. Asubuhi moja imekula karibu soo, na mathe amepigiwa simu mara tatu akiwa kazini.

Hii ilikuwa maisha yetu kwa miaka, na najua mko wengi mnaishi hivyo. Watu hupenda kusema shida ya keja ndogo ni nafasi. Mi nimekulia kwa dabo, rum mbili za ten-bai-ten, watu watano, na nakwambia nafasi tunaizoeanga. Kenye hatuzoei ni kutafuta. Kutafuta kunakula fare, kunakula kredo, kunafanya ununue kitu uko nayo. Na mara mingi mwenye anabeba huo mzigo ni mathe, juu yeye ndiye ameweka keja yote kwa kichwa.

Nilianza na daftari. Hiyo ndio kitu ya bei rahisi sana kwa hii stori yote, na ndio naiheshimu zaidi. Wiki moja, kila mtu akiuliza "iko wapi", naandika: kitu gani, nani, saa ngapi. Sikusongesha hata kijiko. Nilikuwa nadhani nitajaza kurasa kumi. Jumapili nikicheki, nikapata ni vitu tisa tu zinarudi kila siku: soksi, kalkuleta, kiberiti, chaja, funguo ya kufuli, kitana, peni, kadi ya NHIF ya zamani yenye buda bado alikuwa anashikilia, na kifuniko cha mtungi wa maji. Keja imejaa vitu kibao, lakini vitu tisa ndio zilikuwa zinatusumbua. Na karibu zote zilitafutwa kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili na robo.

Hapo nikaelewa kwa nini tulikuwa tunapanga keja kila Sato na ikifika Jumanne imerudi vile ilikuwa. Tulikuwa tunapanga ipendeze wageni. Hakuna mtu alikuwa amepangia hilo lisaa la asubuhi.

Sasa cheki hesabu ya ukuta. Ten-bai-ten ni futi 10 kwa 10, sakafu ni futi 100 mraba. Weka kitanda, meza, viti na mitungi, inabaki njia ya mguu. Lakini ukuta ikiwa imepanda futi 8, kuta zote nne zinakupa futi 320 mraba kabla utoe mlango na dirisha. Ni zaidi ya mara tatu ya sakafu, na kwa keja mingi hiyo ukuta imebeba kalenda na saa pekee. Ukilipa rent umelipia na hiyo ukuta. Itumie.

Lakini kwanza bonga na keyteka. Kuna lando hataki msumari hata moja, na deposit yako ndio itakatwa ukihama. Wetu alikubali misumari minne ya zege, nikamwahidi nitaziba mashimo na simiti siku ya kutoka. Hiyo misumari minne ndio imeshika ubao mmoja mrefu kando ya mlango. Ubao niliutoa Gikosh, kwa wale mafundi wa mbao, kipande cha kubaki chenye walikuwa wanaelekea kuuza kama kuni. Nikaupiga msasa watoi wasichomwe na vibanzi. Hangeri nilizikunja mwenyewe na waya ile ya kufungia vyuma vya mjengo, umbo la S. Kama lando wako ni mgumu kabisa, grili ya dirisha inafanya hiyo kazi poa, funga kamba ya katani na uning'inize.

Kila mtu ana sehemu yake kwa huo ubao. Begi ya brathe, begi ya sistee, jaketi ya buda ya kazi, leso na pochi ya mathe, funguo. Chini kuna mkebe wa chaja na peni. Hiyo kalkuleta imefungwa na uzi kwa zipu ya begi na haitoki hapo. Na sheria ni moja: ukiingia kwa nyumba, unaangika kabla ukae. Hii sheria tuliipigania wiki mbili. Sistee alikuwa anatupa begi kwa kiti, brathe anavua ndula katikati ya mlango. Sikuwagombeza sana. Nilishusha tu hangeri ya sistee ikafika kwa bega yake, juu nilikuwa nimeiweka mahali mi nafika. Siku hiyo hiyo akaanza kuangika. Watoi wengi tunawaita wachafu na ni sisi tumeweka vitu juu ya mikono yao.

Soksi nazo zina stori yake. Tulikubaliana nyumba nzima: soksi za shule zote ziwe rangi moja na aina moja, peya sita, zikae kwa kakikapu kamoja. Soksi moja ikipotea, unabeba ingine yoyote na inaingiana. Hakuna tena kutafuta pacha wa soksi. Yunifomu zinafuliwa Ijumaa jioni ndio hata mvua ikinyesha wikendi zikauke kabla ya Jumatatu. Jumapili usiku kila mtoi anapanga luku yake ya kesho kwa hangeri moja: shati, sweta, suruali ama sketi, na soksi ndani ya mfuko. Dakika kumi za Jumapili zinaokoa wiki yote.

Tuingie jikoni, na hapa nitakaa kidogo juu ndio doo yetu ilikuwa inavujia.

Kwetu tulikuwa tunanunua kila kitu kadogo. Maharagwe ya glasi, mafuta ya kupimiwa, sukari ya karatasi. Watu wanasema ni juu ya kusota, na ni ukweli siku mingi doo ya gorogoro haikuwa. Lakini hata siku ilikuwa, mathe alikuwa anakataa. Alikuwa ananunua kadogo juu hakuna mahali pa kuweka mingi bila panya, mende ama wadudu wa nafaka kuingilia. Gorogoro ya maharagwe, karibu kilo mbili, ilikuwa inaishia kutobolewa kabla tuimalize.

Jibu lilikuwa kwa mathe wa mandazi hapo nje. Yeye hununua mafuta ya kupika na ndoo kubwa, zikiisha anauza ndoo tupu. Tukabeba mbili, na kasuku nne zile za kilo mbili kwa majirani. Zikaoshwa na maji moto na sabuni mpaka mafuta ikatoka, zikakauka juani siku nzima. Hapo kwa kukauka usikimbie, juu unga ikipata unyevu inaota kuvu, na kuvu ya mahindi inaweza kuleta sumu yenye hata ukipika haitoki. Sasa unga iko kwa ndoo, maharagwe, ndengu, mchele na sukari ziko kwa kasuku, na kila moja ina kipande cha selotepu chenye tarehe ilijazwa. Ya zamani inaisha kwanza ndio mpya ifunguliwe. Siku hizi mathe akipata bei poa ya maharagwe ananunua gorogoro na hana wasi.

Lakini sikia hii vizuri: ndoo ya rangi usiweke chakula wala maji ya kunywa, hata ukiiosha mara kumi. Ndoo ya rangi ni ya nguo chafu, ya deki, ya kuweka pegi. Na parafini isiwahi kuingia kwa chupa ya soda. Mtoi ana kiu, anaona chupa anaijua, anakunywa. Sisi tuliweka ya kwetu kwa mkebe wenye rangi tofauti, juu, mbali na chakula, pamoja na dawa ya mende.

Mtungi wa gesi, ile ya kilo 6 na meko juu, tuliutoa kona ya kitanda tukauleta karibu na dirisha, umesimama wima, na hapo juu yake hakuna nguo wala kateni. Nimeona keja mingi zimepangwa zikapendeza na kateni inapepea futi moja kutoka kwa moto. Na kama mnapikia makaa, jiko lisilale ndani na mlango umefungwa hata baridi ikiwa noma namna gani. Hiyo hewa ya makaa haina harufu na haina rangi, na imeua familia nzima wakiwa wamelala.

Maji ndio hula sakafu yetu. Nairobi maji huja kwa zamu, na sehemu kubwa inatoka mbali, kwa bwawa la Ndakaini huko Murang'a, kwa hivyo mtaani kila keja ina mitungi yake. Yetu ni sita ya lita 20. Mtungi mmoja umejaa ni kilo 20, kwa hivyo usijaribu kuuweka kwa shelfu. Tuliipanga mstari mmoja ukutani, tukaweka ubao juu, ikawa benchi ya kukalia. Brathe hufanyia homuwaki hapo. Vifuniko tulitoboa tukavifunga na kamba kwa mkono wa mtungi, na hivyo kile kifuniko kwa daftari yangu kikatoka. Maji bila kifuniko ni nyumba ya mbu.

Chini ya kitanda tulikuwa na katoni saba. Nguo za utotoni, madaftari ya darasa la tatu, redio mbovu, viatu vyenye havitoshi mtu. Nilipozivuta nje zilikuwa zimejaa mende. Mende hupenda katoni, anapata giza, joto, na gamu ya kula. Na kunguni akiingia kwa keja yenye vitu zimerundikana, kumtoa ni vita. Wasee huonea haya kunguni wakidhani ni uchafu. Kunguni hubebwa tu, kwa kiti cha mtumba, kwa godoro, kwa begi ya mgeni, na anaingia hata kwa keja safi. Lakini penye kuna vitu zimerundikana anapata mahali mingi ya kujificha. Kwa hivyo ukibeba fanicha yenye ilikuwa ya mtu, ikague nje kabla ipite mlango, kila mshono na kila shimo la msumari.

Tulitoa kila kitu kwa hizo katoni, tukagawa kwa uwanja wa ploti mchana kweupe. Nguo nzuri zikaenda kwa binamu wadogo ocha. Redio ikaenda kwa msee wa vyuma kuukuu, akaipima kwa kilo. Madaftari mathe akachukua ya kufungia njugu. Kilichobaki kikaingia kwa sanduku mbili za bati zile za Kamukunji. Hapo ndio tulitoa doo ya kweli kwa hii kazi yote, na sijutii. Wale mafundi wa jua kali wanagonga sanduku mbele yako, unachagua saizi, unajaribu kufuli na kucheki kama mfuniko unakaa. Ukiitunza, sanduku itavuka na brathe mpaka bodingi. Tukainua kitanda na mawe manne, sanduku zikateleza chini, moja ya mablanketi na nguo za baridi, moja ya vitu za shule zenye hazitumiki kila siku.

Bongeni na mathe kabla ya kutupa chochote. Mi nilikosea hapo. Kwa hizo katoni kulikuwa na shali ya shosho, imechanika, mi nikaiweka kwa rundo la kutupa. Mathe akaiona, hakusema kitu, akaichukua akaikunja akakaa nayo. Iko kwa sanduku mpaka leo na itakaa. Kuna vitu havina kazi na vina mwenyewe.

Ya buda ilikuwa wol-yuniti. Aliinunua wakati alipata kazi, na imekula ukuta mzima wa sitingi: tivii moja ndogo, glasi zenye hazinywewi, maua ya plastiki. Mi nilitaka iuzwe. Alikataa, na nikielewa vizuri alikuwa na haki, hiyo ndio kitu ya kwanza alibuy na jasho yake. Tukakubaliana nusu. Rafu za juu ni zake na glasi zake. Za chini, zenye zilikuwa na maua, zikawa za watoi: rafu ya vitabu vya brathe, rafu ya sistee, na katikati boksi ya CBC.

Hiyo boksi kila mzazi aiweke. Tangu huu mtaala uanze kuingia madarasa ya chini 2019, mtoi anaweza kukuambia saa mbili usiku kwamba kesho odijo anataka vifuniko vya soda kumi, kipande cha katoni na vijiti. Zamani tulikuwa tunazunguka maduka na giza. Siku hizi kila kifuniko, kila chupa ndogo, kila kitambaa kinaingia hapo vikiwa vimeoshwa. Boksi ni moja na haiongezwi. Ikijaa, kuna kitu kinatoka. Vile vile kwa mifuko. Tangu zile karatasi za nailoni zipigwe marufuku Agosti 2017, kila safari ya soko inaleta mfuko mwingine, na ukiiacha utakuwa na mfuko wa mifuko umejaa mifuko. Tumebaki na kumi, imening'inia kwa ubao wa mlango.

Kwa kreti za mkate na za soda, watu huzitumia sana kama shelfu na zinatoka fiti. Lakini nyingi zina jina la kampuni na hazikuuzwa na mwenyewe. Usijengee watoi keja na kitu ya kuibwa. Paleti kuukuu ama ndoo zitafanya hiyo kazi.

Kuna kitu moja nawaomba mfanye hata kama mtapuuza zingine zote. Makaratasi. Mvua ya 2024, ile ya Machi mpaka Mei, mto Mathare ulifurika na watu wakatoka na nguo zenye walikuwa wamevaa. Cheti ya kuzaliwa, kitambulisho, kijitabu cha kliniki, cheti za shule, vyote vikaenda na maji. Sisi hatukufurikiwa, lakini baada ya hapo nilikusanya makaratasi yetu kutoka kwa droo, chini ya godoro na ndani ya Biblia. Yamekunjwa ndani ya kasuku yenye mfuniko umebana, imefungwa kamba, imekaa juu kabisa ya wol-yuniti. Kila mtu mpaka sistee anajua: moto ama maji ikija, watu kwanza, halafu hiyo kasuku kama njia iko. Picha ya kila karatasi nimeweka kwa simu yangu na ya buda. Ndani ya mfuniko nimeandika namba ya mita ya stima, juu tokeni zikiisha usiku hakuna mtu alikuwa anaijua isipokuwa mathe.

Buda hurudi saa moja asubuhi na kulala mpaka saa nane. Hii pia ni mpango wa keja. Kila kitu mtu anahitaji mchana tulikitoa rum ya kulala tukakileta sitingi, ndio hakuna mtoi ataingia kumfungulia sanduku kwa masikio akitafuta rula. Kateni ya mlango ni blanketi nzito ya zamani, inazuia mwanga na kelele. Analala. Zamani alikuwa analala masaa matatu na kurudi lindo na macho mekundu.

Kwa simu utaona wasee wakipanga jikoni na mikebe ya glasi imelingana, kila moja na jina. Inapendeza, na seti moja ya hiyo mikebe inaweza kula shopping yako ya wiki. Usianze hapo. Anza na daftari ya shilingi kidogo, uandike wiki moja nani anatafuta nini na saa ngapi. Halafu punguza. Halafu angika. Ukifika mahali pa kununua, utapata ni kitu moja ama mbili tu.

Brathe siku hizi hutoka saa kumi na mbili kasoro kumi, anapata mat ya finje. Juzi nilimsindikiza mathe Marikiti kubeba mzigo. Alisimama na yule msee wa lori, akavutana naye bei mpaka mwisho, akashusha soo mbili kwa gunia. Simu yake ilikuwa kwa pochi muda huo wote, na haikulia.